Vakansi ya Mama wa Bibi Arusi

Alphonse hakuwa mtu wa kumpa mke wake kitu asichokiomba. Hata alichoombwa alikitoa kwa shida, na baada ya maneno. Kwa hiyo siku ile alipokuja mpaka jikoni, mahali ambapo miguu yake haikuwa imefika tangu mvua za mwaka uliopita, akasema, "Mama Priscille, umechoka. Pumzika kidogo mbele ya dot ya mutoto. Nimekupatia nafasi kwenye bato ya vakansi," Adèle alipaswa kushtuka. Hakushtuka. Aliweka mwiko chini, akajifuta mikono, akaenda kwa jirani kuazima sanduku.

Furaha ile ndiyo iliyomuuma kuliko yote yaliyofuata.

Bato lenyewe, meli ndogo ya mtoni, liliitwa Elikya, jeupe, la ghorofa mbili, na viti vya plastiki juu chini ya turubai. Mwenye bato alikuwa na mambo yake bandarini, na Alphonse ndiye aliyekuwa akimnyooshea karatasi zake ofisini. Shukrani yake ikawa nafasi moja ya bure katika safari ya Pasaka: kuteremka mto mpaka Yangambi, kufika Isangi pale mto Lomami unapoingia, kula, kulala, kutazama miti, na kurudi Kisangani Alhamisi. Dot, yaani mahari ya Priscille, ingepokewa Jumamosi. Nafasi hiyo ilipelekwa kwanza kwa Chance, mke mdogo. Chance akasema mto unamtia kichefuchefu, apewe mama mkubwa. Hayo Adèle aliyajua baadaye.

Yeye alikuwa mtu wa Kindu. Shule hakuikanyaga hata siku moja. Shangazi yake alimleta Kisangani angali na meno ya utoto ili amlelee watoto wake. Alphonse alimkuta sokoni Tshopo akitwanga lituma, ndizi za kuponda za kuuza, naye Alphonse wakati huo alikuwa karani wa chini kabisa, mwenye suruali moja ya kazi. Adèle aliifua suruali hiyo usiku na kuipiga pasi asubuhi. Alizaa, akazika, akazaa, akazika, akabaki na Priscille. Mchi wake ndio uliompeleka Priscille shule ya msingi, sekondari, mpaka chuo kikuu. Alphonse alipopata meza yenye kiti cha kuzunguka, alimleta Chance nyumbani na kumpa chumba cha mbele. Adèle alihamishiwa chumba cha nyuma, karibu na kuni. Hakuna aliyemfukuza. Vitu vyake vilisogezwa tu, kimoja kimoja, mpaka akajikuta huko.

Kitu kimoja hakikusogezwa. Priscille alikuwa wake, na siku ya mahari ya Priscille liputa la mama lingekuwa lake.

Kwa watu wa Adèle, mama hamwonyeshi uso kijana anayemchumbia binti yake, wala hasemi naye, mpaka siku ya mahari. Siku hiyo, pamoja na mbuzi na sufuria na taa, wakwe huleta liputa, kitenge kizuri kilichokunjwa peke yake. Mama hulipokea mbele ya watu wote na kulivaa papo hapo juu ya nguo aliyo nayo. Kisha hufunua uso, na mkwe humwona kwa mara ya kwanza. Aliyevaa liputa ndiye mama. Ndiye ataitwa binti akijifungua, ndiye ataulizwa ndoa ikiyumba, ndiye mkwe atamheshimu mpaka kaburini. Na mama akijionyesha au akisema kabla ya siku yake, watu husema amemwomba mwanamume amchukue binti yake. Neno hilo binti atatupiwa katika kila ugomvi mpaka azeeke.

Basi tangu Bonheur alipoanza kuja kwao, kijana wa Lubunga, ng'ambo ya mto, Adèle alijificha. Kila akisikia sauti yake mlangoni, alitoka nyuma. Alimjua kwa kikohozi chake na kwa kicheko chake cha chini. Uso hakuujua. Priscille alitaka kumwonyesha picha kwenye simu, naye akageuka upande.

"Mama, ni picha tu!"

"Picha nayo iko na macho."

Chance, ambaye hakuwa mtu wa mambo hayo, alimkaribisha Bonheur sebuleni, akamfungulia bia, akamuuliza habari za mama yake. Adèle alimcheka kimoyomoyo. Alijiona yeye ndiye anayelea ndoa ya mtoto kwa heshima, na mwenzake ni wa kubeba vinywaji tu.

Mwanzoni bato lilikuwa raha kweli. Waligawiwa fulana zenye jina la bato. Adèle alipangiwa chumba kimoja na Madina, mama wa Kiislamu mfanyabiashara wa vitambaa, mzaliwa wa Kisangani tangu mababu, mwenye mdomo usiopumzika. Asubuhi ya kwanza Adèle alimaliza kula akaanza kukusanya sahani za meza nzima.

"Weye mama," Madina akamwambia, "hizo sahani zitakimbilia wapi? Kaa!"

Akakaa. Mikono ikamshinda, akaiweka mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Mtu alimletea samaki wa liboke, moshi bado unatoka kwenye majani, na hakuwa amewasha moto wowote. Aliona miti ya Yangambi iliyopandwa kwa mistari. Aliona watu wakicheza muziki saa nne ya asubuhi bila aibu. Alimweleza Madina habari za Jumamosi, akaeleza tena, mpaka Madina akasema yeye sasa angeweza kuolesha huyo mtoto peke yake.

Walipofika Isangi, msaidizi mmoja wa mpishi alianza kuhara na kutapika. Kabla hawajageuza bato, wawili wengine wakalala chini. Alhamisi, Kisangani ilipoonekana, mnara wa kanisa kuu na mabati ya Makiso, mtumbwi wa watu wa afya ulikuwa tayari unawangoja mtoni, watu wamevaa mabuti ya njano. Wagonjwa waliteremshwa. Bato likaamriwa kutia nanga katikati ya mto, kati ya bandari na Lubunga, likapandishiwa kitambaa cha njano. Kipindupindu. Hakuna kushuka, hakuna mtumbwi kusogea, mpaka Jumatatu, na Jumatatu wataangalia tena.

Adèle alimfuata René, msimamizi wa abiria, akamshika mkono wa shati.

"Papa René, mutoto wangu iko na dot Samedi."

"Mama, kila mutu hapa iko na Samedi yake."

"Niko muzima. Nitazame. Tumbo yangu iko sawa."

"Mama, hata mimi niko muzima, na nyumba yangu ni ile pale, ya mulango wa bleu. Naona mutoto wangu anachezea matope, na siwezi hata kumukemea."

Akampigia Alphonse. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wakipanga viti.

"Alphonse, sogeza siku."

"Nisogeze namna gani? Mbuzi wamenunuliwa. Wazee wao wametoka mpaka Opala. Chance atakusimamia."

"Chance si mama yake."

"Ni kusimama tu, Adèle. Ni liputa tu, donc usifanye matata."

"Na wakwe mutawaambia nini?"

"Ukweli. Uko vakansi."

Simu ikakatika, au alikata. Adèle alibaki ameishika sikioni. Ugonjwa hakuuita Alphonse, hilo alilijua. Lakini ulipokuja aliupa kiti.

Ijumaa Priscille alipiga, akilia. "Mama, Papa anasema nikileta maneno atawarudisha watu wote. Nikatae, Mama? Sema tu. Nitakataa."

Hapo palikuwa na nafasi, na Adèle aliiona. Aliona pia wazee wa Lubunga wakiinuka na mbuzi wao, na binti yake akibaki uani na jina la msichana aliyefukuza wakwe. Angekataa leo, nani angerudi kesho?

"Itika, mwanangu," akasema. "Wakikuuliza, itika."

Jumamosi jua liliwaka mapema. Kwenye bato miziki ilikuwa imekwisha, mashine ya umeme ilikuwa imezimwa ili kutunza mafuta, na wana-vakansi walikaa juu kwenye viti vya plastiki, fulana zao zimechafuka, wananuka dawa ya kunawia mikono. Kazi yao ilikuwa kutazama mji. Waliwatazama watu wakiteremka bandarini kwa toleka, baiskeli za kubeba abiria, wakinunua mikate, wakigombana, wakienda makwao.

Ngoma ilisikika upande wa Lubunga. Mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, moteri moja nyuma, makuti ya mchikichi yamesimamishwa mbele. Wanawake walivaa kitenge kimoja wote. Mbuzi walifungwa katikati, masufuria yanang'aa. Adèle alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Ni wao?" Madina akauliza.

Hakuwa na haja ya kujibu. Mkondo ulikuwa ukiisukuma mitumbwi kulekule bato liliposimama, na mbuzi mmoja alikuwa amepitisha mguu nje, watu wanapiga kelele. Mwenye moteri akazima mashine wamshike. Wakawa wanapita taratibu chini ya ubavu wa Elikya, karibu kiasi cha kurushiana mkate.

Abiria wakaamka wote. Siku mbili hawakuwa wamepata mtu wa kutania.

"Munaenda wapi na mbuzi munene hivyo?"

"Kuoa!"

"Mutuachie muguu moja!"

"Muguu gani, na nyinyi munaharisha? Itapita tu!"

Kicheko kikapanda na kushuka. Kisha Adèle akasikia kikohozi kile. Mkono wake ukavuta kitenge kutoka mabegani mpaka kichwani, mpaka usoni, kabla hajafikiri. Akageuka akaupa mto mgongo, kama alivyofanya mwaka mzima.

Mama mmoja mnene, shangazi wa bwana arusi, alikuwa amekaa mbele na furushi jeupe mapajani, amelikumbatia. Sauti yake ilifika juu bila shida.

"Nyinyi muko kwa raha, viti, kivuli! Na mama ya bibi arusi wetu naye iko vakansi, ati! Siku ya dot ya mutoto wake! Baba ya mutoto ametuambia. Nikamuambia kaka yangu, huyo ni mama wa namna gani? Labda ameenda kujitafutia bwana naye!"

"Tantine, wacha," sauti ya Bonheur ikasema.

"Niache nini? Nimesema uongo?"

Kwenye bato wachache walicheka. Adèle alihisi Madina akisimama, akamshika kanzu. Madina akajinasua.

"Weye mama wa furushi! Huyo unayemutukana ni huyu hapa! Mama ya Priscille ni huyu! Wametufunga kwa ugonjwa, hatushuki!"

Wanawake wa mitumbwini wakainua vichwa. Hata ngoma ilisimama. Kisha kijana mmoja akapaza sauti, "Na baba ya bibi arusi naye iko wapi, kwa mashini?" na kicheko kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza, juu na chini, maana abiria nao walidhani Madina anatania.

"Naapa kwa Mungu!" Madina alipiga kelele. "Munaona amejifunika? Kwa nini amejifunika?"

"Kama ni yeye," shangazi akasema, sasa hacheki, "afunue uso tumuone."

Adèle alisimama ndani ya giza la kitenge chake, jasho linamtiririka. Akaelewa kitu ambacho hakuwa amekifikiri hata mara moja katika mwaka ule wote. Katika mitumbwi ile hapakuwa na mtu mmoja aliyewahi kumwona.

"Tantine, hata akifunua," Bonheur akasema, "mimi simujui. Hapana mutu anamujua. Yule ninayemujua ni mama mudogo." Akapandisha sauti, kwa adabu. "Mama, pale juu. Kama ni weye, sema neno moja tu. Papa ametuambia uko Kinshasa."

Kinshasa. Alphonse hakutosheka hata na ukweli wake.

Neno moja. Lilikuwa tayari kooni. Angesema jina la Priscille, angesema alama ya moto aliyo nayo binti huyo kwenye paja la kushoto, kitu asichokijua Chance. Na kesho Lubunga nzima ingejua kwamba mama alimsimamisha mkwe njiani, mtoni, mahari bado haijatolewa, akamwomba kwa mdomo wake. Na shangazi huyu ndiye angekaa nyumba moja na Priscille.

"Hawezi kusema na nyinyi bado hamujatoa kitu!" Madina akasema.

"Hiyo tunajua," shangazi akajibu. "Kila mutu anajua. Hata mwizi anajua kujifunika." Akavuta furushi karibu na kifua. "Liputa hii hatumupi mutu wa njiani. Twende!"

Firimbi ililia bandarini, watu wa afya wakipunga mikono wawaambie waondoke pale. Moteri ikakohoa, ikashika. Ngoma ikaanza upya. Adèle alisimama vilevile mpaka Madina alipomfunua mwenyewe, polepole, na kumfuta uso kwa ncha ya kilemba chake.

"Ungesema, Mama Priscille. Neno moja."

"Kisha?"

Madina akakirudisha kitenge mabegani mwake. Akamvutia kiti.

Mchana ulikuwa mrefu. Kutoka bandarini wangepanda toleka mpaka nyumbani, komini ya Tshopo, mbuzi wakipakiwa nyuma kama abiria. Wangefika. Wangeketishwa chini ya turubai aliyoichagua yeye Adèle. Wangekula pondu, majani ya muhogo aliyoyatwanga yeye na kuyaacha kwenye friza ya jirani. Aliwaza yote kwa mpangilio wake, mpaka mahali pa liputa, na hapo akili ikagoma kama punda.

Simu ililia jua likiwa limeanza kuinama. Priscille alinong'ona, labda alikuwa chooni.

"Mama, imekwisha."

"Uliitika?"

"Niliitika."

"Nani amevaa?"

Watu walisikika wakiita jina la Chance. Kulikuwa na vigelegele mbali.

"Iko na rangi gani?"

"Kijani, Mama. Na ndege za dhahabu. Ni nzuri."

"Imemukaa?"

"Mama…"

"Nakuuliza tu."

"Ni fupi kidogo. Anaishikilia na mukono." Priscille akavuta pumzi. "Walisema kuna mama mumoja kwenye bato alijifunika uso. Watu walicheka. Papa naye alicheka. Mimi sikucheka. Mama, tunavuka saa kumi na moja, wananipeleka leo. Tutapita hapo. Utaniona."

Adèle alisema vizuri, na Mungu akubariki, na usisahau kusalimu wazee kwa magoti. Alikata simu kabla sauti haijamtoka vibaya.

Saa kumi na moja alikuwa ameshika ukingo wa bato. Jua lilikuwa upande wa mto unakoteremkia, maji yote yamekuwa rangi ya mawese. Mitumbwi ilitoka bandarini, mizito zaidi, watu wamelewa, wanaimba. Katikati palikuwa na mwavuli mweupe. Chini ya mwavuli alikuwemo Priscille, na ubavuni mwake, bila shaka, Bonheur.

Mkono wake ulikwenda kwenye kitenge, ukasimama.

Bonheur alikuwa amempa mama liputa, na mama huyo ni Chance. Mama alikuwa ameonekana. Kwa wakwe, yule mwanamke wa juu ya bato alikuwa mpita njia, na mpita njia ana ruhusa ya kutazama arusi ya watu. Hakuna wa kumlaumu. Angeweza kusimama hapo wazi na kumtazama binti yake akienda, mpaka macho yashibe, kama René, kama wapishi, kama kila mtu. Ilimpasa tu kufunua uso wake mbele ya yule kijana na kukubali kwamba yeye si kitu kwake.

Mitumbwi ilikaribia. Alisikia kikohozi.

Akajifunika. Akageuka.

"Mama Priscille!" Madina akamnong'oneza kwa hasira. "Mutoto anapita! Mutazame!"

"Mutazame weye," Adèle akasema. "Uniambie."

Madina alisita, kisha akaegemea ukingo. "Amevaa ya rangi ya maziwa. Kilemba kikubwa. Amekaa wima."

"Analia?"

"Hapana. Anaangalia huku. Anatafuta." Madina akapunga mkono. "Amekuona. Ameinua mukono kidogo tu, watu wasione."

"Bado ameinua?"

"Bado. Shangazi anamupa kitu, maji. Amekunywa. Anaangalia tena."

Nyimbo zilipita chini yao, zikawa upande wa pili. Mawimbi ya mitumbwi yaligonga ubavu wa bato, likayumba kidogo.

"Sasa?"

"Sasa amegeuka mbele. Naona mwavuli."

"Na sasa?"

"Mwavuli," Madina akasema. "Wamefika karibu na ng'ambo. Watu ni wengi, Mama Priscille. Simujui tena ni yupi."